Panya wa Maziwa, Panya wa Ugali

Nilikuwa nimepita miaka arobaini wakati nilirudi kwa vitabu. Shule ya sekondari ya kwetu, juu kidogo ya barabara ya Kaplong, ilikuwa inatufungulia darasa moja saa kumi na moja jioni, wakati tumeshapeleka majani ya chai kituoni na ng'ombe wamekamuliwa. Watu walituita gumbaru, wanafunzi wazee. Ukipita njiani na daftari kwapani, watoto wa jirani wanakuimbia a-e-i-o-u mpaka upotee kwa kona. Mimi nilikuwa nacheka pamoja nao. Niliacha shule darasa la nne, na kama Mungu amenipa nafasi ingine ya kusoma, sikuwa nitaikataa kwa sababu ya wimbo.

Kitu kilikuwa kinaniuma ni kwamba mimi nilikuwa naenda mbele na kitinda mimba wangu amesimama. Msichana huyo alikuwa na miaka tisa na alikuwa darasa la pili, mara ya pili. Hakuwa mtukutu. Ungemtuma kwa jirani akuletee moto, anafika anasimama kwa mlango, anatabasamu, amesahau ametumwa nini. Sufuria ikianguka, yeye anaruka, halafu mikono yake inatetemeka mpaka ugali uive. Nilimpeleka hospitali wakapima macho na masikio, wakasema ni mzima. Nikampeleka mbele kanisani akaombewa. Alirudi kukaa karibu na mimi, akaniuliza kama wamemaliza.

Mwezi wa pili mwaka huo, mwalimu mkuu wa shule ya msingi akaniita ofisini. Alikuwa mama mkali, lakini hakuwa na ubaguzi.

"Mama, wacha nikuambie ukweli," akasema. "Huyu mtoto akirudia tena, magoti yake hayataingia chini ya dawati. Mwaka ukiisha na hajui kusoma, ni heri akae nyumbani akusaidie na ndama. Kuna watoto ambao shule si yao."

"Niachie mpaka mwisho wa mwaka, mwalimu."

"Mwezi wa kumi na moja. Utaniletea asome hapa mbele yangu. Akishindwa, tusisumbuane tena."

Nilitoka hapo nikihesabu miezi kwa vidole.

Mwezi uliofuata ndio mwalimu wetu wa jioni alileta panya. Alikuwa kijana kutoka upande wa Kisii, anafundisha sayansi mchana na sisi jioni, na alituheshimu kama mama zake na baba zake. Siku hiyo aliingia na katoni imetobolewa mashimo, akaiweka juu ya meza na kufungua. Ndani kulikuwa na panya weupe, macho mekundu, wametoka chuo alikosomea. Wamama wawili walipanda juu ya viti.

Tulikuwa na mzee mmoja darasani, askari wa kiwanda cha chai, ambaye alikuwa haachi kitu kipite hivi hivi. Akasema, "Mwalimu, sisi hapa panya tunatega. Wewe unanunua?"

"Nimewaleta wasome na nyinyi, mzee."

"Basi walipe karo kwanza."

Tulipomaliza kucheka, mwalimu akatueleza. Kulikuwa na panya wawili wa kike, wote na mimba. Mmoja angekaa kwa kizimba chake na kula ugali mtupu na maji. Mwingine angekula ugali, maharagwe, omena, na maziwa kidogo. Watoto wakizaliwa wangeendelea na chakula cha mama yao. Halafu wakikua tuwajaribu, tuone chakula cha tumboni na cha utoto kinafanya nini kwa mwili na kwa kichwa.

"Kwa kichwa pia?" nikauliza.

"Kwa kichwa zaidi, mama. Ubongo unajengwa mapema. Ukikosa udongo wakati wa kujenga, nyumba inasimama, lakini si ile ulikuwa umepanga."

Akauliza nani atawaangalia. Watu wote wakaanza kuangalia daftari zao. Mimi nilikuwa naishi karibu na geti ya shule, na kila asubuhi nilipita hapo nikitoka kupeleka maziwa. Nikainua mkono. Sitasema ilikuwa ni kwa ajili ya sayansi. Nilikuwa nafikiria msichana wangu.

Mwalimu alinionya sana. "Mama, huyu wa ugali usimhurumie. Ukimpa hata tone moja la maziwa, kazi yote imeharibika."

Niliapa, na nilishika neno langu, lakini ilikuwa ngumu. Kwetu mwanamke akizaa anapewa uji wa wimbi na maziwa, hata kama mlikuwa mmekosana. Sasa mimi kila asubuhi naweka ugali mkavu mbele ya mama ananyonyesha watoto saba wembamba kama vidole vya mtoto, na ananiangalia. Nilikuwa namwambia, "Nisamehe, mama, si mimi." Yule mwingine wa maziwa alizaa tisa, wanono, wanang'aa. Kumwangalia ilikuwa kama kuangalia shamba baada ya mvua.

Huyo wa maziwa ndiye kizimba chake kilikuwa karibu na dirisha lenye kioo kimevunjika. Baridi ya huku mnaijua, na juu ya hiyo, viroboto walikuwa wamemwingilia. Anajikuna mpaka anaacha kunyonyesha. Mwalimu alikuwa amesema nisiongeze chakula. Hakusema kitu juu ya matandiko. Nikaenda nyumbani nikakata kipande cha gunia, kile laini kabisa, nikamtengenezea kitanda. Kilitosha kizimba kimoja tu, wale wengine nikawaachia nyasi. Siku mbili hivi, viroboto hakuna. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Lazima nieleze hiyo gunia. Zamani tulikuwa tunapeleka ng'ombe kwa josho. Josho ikafungwa, ikawa kila mtu anaosha ng'ombe wake nyumbani. Wenye pesa walikuwa na pampu ya mgongoni. Sisi tulichanganya dawa ya kupe kwa ndoo, tukachovya kipande cha gunia, tukasugua ng'ombe kwa mkono, masikio, shingo, chini ya mkia, kila Alhamisi. Gunia ikishalowa na kusuguliwa hivyo miezi mingi, inakuwa laini kama blanketi ya hospitali. Inafuliwa mtoni, inaanikwa mpaka harufu iishe. Na mama mkwe wangu, ambaye sisi wote tunamwita Kogo, yaani nyanya, ndiye aligundua kazi yake ingine. Mwaka kitinda mimba wangu alizaliwa, nilikuwa nachuma chai mtoto akiwa na wiki sita. Kogo akaja na kipande cha hiyo gunia, akakitandika katikati ya mistari ya chai.

"Mlaze hapa," akasema. "Siafu wakisikia hii wanarudi kwao."

Na ni kweli walirudi. Mtoto alilala hapo mwaka mzima, akajifunza kukaa hapo, akaota meno akitafuna pembe ya hiyo gunia. Alikuwa mnono, anakunywa maziwa kama ndama, na wamama waliopita walikuwa wanasema huyu hata daktari hana kazi naye. Wakubwa wake walizaliwa wakati wa josho, hawakuwa na bahati ya gunia. Hivyo ndivyo tulikuwa tunasema, bahati.

Watoto wa panya walipokua, mwalimu akatengeneza sanduku kubwa la karatasi ngumu, ndani ameweka kuta na vichochoro, na mwisho wa njia karanga moja. Mtoto wa panya anawekwa mlangoni, tunaangalia atafika kwa karanga namna gani, halafu kesho yake anarudishwa tuone kama anakumbuka. Darasa lote tulizunguka hiyo meza. Hata wale wamama wa kupanda viti walikuja.

Wale wa ugali walikuwa wadogo na waoga, lakini walienda. Wanagonga ukuta, wanarudi, wanajaribu kwingine. Siku ya tatu wengi wao walikuwa wameshika njia. Wale wa maziwa, wale wangu wanono, walifika kona ya kwanza wakazunguka. Wanazunguka tu mahali pamoja. Mzee alipopiga chafya, mmoja alianguka kwa ubavu, akatetemeka, akakataa kusonga. Kesho yake walikuwa kama hawajawahi kuona hiyo sanduku.

"Hawa ni watoto wa tajiri," askari akasema. "Wameshiba mpaka wamesahau kwao."

"Mwalimu, kumbe ugali mtupu ndio unaleta akili?" mwingine akauliza. "Basi watoto wangu watakuwa maprofesa."

Watu walicheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anasoma daftari yake mbele na nyuma. "Hii haiwezekani," akasema. "Kuna kitu tumekosea, lakini sijui ni nini." Akaniangalia. "Mama, ulimpa yule wa ugali kitu?"

"Haki ya Mungu, sikumpa."

"Na hawa wengine?"

"Chakula ni kile uliniambia tu, mwalimu."

Na nilikuwa nasema ukweli, kwa vile nilikuwa nimeujua.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha ya kupiga kando, ikaingia kwa kile kioo kimevunjika. Asubuhi nilikuta kizimba cha panya wa maziwa kimelowa. Nikaingiza mkono nikatoa kile kipande cha gunia nikikamue. Harufu ikapanda. Kikiwa kikavu hakikuwa na harufu hata kidogo, lakini kikilowa kilinuka Alhamisi. Kilinuka ng'ombe wamefungwa mahali pa kuoshea, ndoo nyeupe kama maziwa, na macho yakiwasha.

Nilisimama nacho mkononi. Nikaona wale panya wakizunguka kwa kona. Halafu nikaona mtoto kati ya mistari ya chai, pembe ya gunia mdomoni, mate yanatiririka, na mimi nainama kuchuma nikiimba, nashukuru Mungu kwa sababu siafu hawapiti hapo.

Siku tatu sikumwambia mtu. Nilipika, nilikamua, nilienda mkutano wa wamama kanisani nikaongoza maombi. Nyumbani nikipiga magoti kando ya kitanda maneno ya toba hayakuja. Mtu angefikiri niliomba msamaha. Hapana, niliomba iwe uongo. Niliomba ipatikane sababu ingine yoyote, hata kama ni laana, hata kama ni ukoo wangu, bora isiwe ni mkono wangu ulimlaza hapo. Siku ya tatu nikajisikia kama mtu anavuta kamba ya ng'ombe ambaye amelala chini. Nikasema, Bwana, kama ni kweli basi nipe ukweli wote, usinipe nusu. Nikainuka nikaenda shuleni kabla ya wengine.

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Nikaweka kile kipande mbele yake, nimekifunga kwa karatasi ya nailoni.

"Hii ndiyo ulikosa," nikamwambia. "Niliwatandikia hawa wa maziwa. Ni gunia ya kuoshea ng'ombe."

Alifungua, akanusa, akafunga haraka. "Mama! Si nilikuambia usiongeze kitu?"

"Uliniambia nisiongeze chakula."

Akakaa juu ya dawati. "Ni kweli," akasema. "Nilisema chakula."

"Mwalimu, mtoto wangu alilala juu ya hii mwaka mzima."

Nilimweleza yote, mpaka mambo ya ofisi ya mwalimu mkuu. Alinisikiza bila kunikatiza. Halafu akasema kitu ambacho namshukuru mpaka leo, kwa sababu hakunidanganya na hakuniua.

"Mama, panya si mtu. Na hawa ni wachache, na dirisha lilikuwa limevunjika, pengine ni baridi. Hii si ushahidi. Lakini ni hivi. Dawa ya kupe inaua kupe kwa kuharibu mishipa yake ya fahamu. Mtoto mchanga ngozi yake ni nyembamba, kila kitu anaweka mdomoni, na ubongo wake bado unajengwa. Siwezi kukuambia ni hiyo. Siwezi pia kukuambia si hiyo."

"Na kama ni hiyo, imeisha? Hakuna kurudi?"

Aliangalia vizimba. "Nilikuwa nimepanga kuwatoa wiki hii," akasema. "Sasa hatuwatoi. Wacha tuulize hawa."

Jioni hiyo aliniachia nisimame mbele ya darasa niseme mwenyewe. Nilisema yote. Halafu mama mmoja nyuma akasema polepole, "Na sisi tumefunikia unga na hizo gunia." Mwingine akasema yeye alishona mto. Askari, wa kwanza kufanya mzaha siku zote, alisema tu, "Kwangu iko moja kwa kitanda ya mjukuu," akaomba ruhusa, akachukua kofia yake, akaenda nyumbani hapo hapo.

Kumwambia Kogo ilikuwa ngumu zaidi. Nilimkuta amekaa juani anapukuchua mahindi. Nilikaa chini, nikachukua hindi moja, tukapukuchua pamoja mpaka nikapata pa kuanzia. Niliongea nikiangalia mikono yangu. Nilipomaliza, yeye alikuwa ameacha kupukuchua.

"Nilikuwa namkinga na siafu," akasema.

"Najua, Kogo. Hata mimi."

"Siafu walikuwa wengi mwaka ule."

"Walikuwa wengi."

Kuku wakaanza kula mahindi kwa ungo na hakuwafukuza. Halafu akaniuliza, "Zingine ziko wapi?" Akaingia stoo mwenyewe, akatoa kila kipande, hata kile cha kufutia miguu mlangoni. Alitaka kuchoma. Nikamwambia mwalimu amesema moshi wake pia si mzuri. Basi akachukua jembe, akachimba shimo mbali na mto, na mwanamke wa miaka yake hakukubali nimsaidie. Alipomaliza kufukia, alivaa viatu vyake vya kanisa na kuanza kuzunguka kwa majirani, nyumba kwa nyumba, kila mahali kuna mtoto mchanga. Mimi ningeenda wangeniambia mama gumbaru amesoma mpaka amechanganyikiwa. Kogo walimsikiza. Alikuwa hawaelezi mishipa ya fahamu. Alikuwa anasimama mlangoni na kusema, "Ile kitu niliwafundisha, nilikosea. Leteni hapa." Alirudi na mzigo kichwani.

Shuleni mwalimu alihamisha vizimba mbali na dirisha, tukaosha kila kitu na sabuni, tukaanika juani. Panya wote sasa walipata chakula kizuri, hata wale wa ugali, na hapo niliimba. Mwalimu akasema ubongo wa mdogo haungoji chakula peke yake, unataka pia kazi ya kufanya. Tukawawekea magunzi ya kupanda, mikebe ya kujificha, vijiti. Kila siku nilimshika kila mmoja mkononi kidogo mpaka azoee. Na kila siku kila mmoja aliingia kwa sanduku mara moja tu, njia ile ile, saa ile ile, akichoka anatolewa. Sikuruhusiwa kuwasukuma na kidole.

Wiki ya kwanza walizunguka. Ya pili walizunguka. Ya tatu, jioni ya Jumatano, mmoja wa kike alifika kwa ile kona, akazunguka mara moja, akasimama, akainua pua. Darasa zima tulishika pumzi. Akaingia kichochoro cha kulia.

"Nenda, tajiri, nenda!" askari akanong'ona.

Alipofika kwa karanga tulipiga makofi mpaka akajificha. Mpaka mwezi wa nane ukaisha, sita kati ya tisa walikuwa wameshika njia. Walichukua muda mrefu kuliko wale wa ugali, lakini walishika. Wawili walishika leo wakasahau kesho. Mmoja hakushika kabisa, lakini alikuwa ameacha kutetemeka, na ukifungua kizimba alikuwa wa kwanza kupanda mkono. Mwalimu aliandika vyote, hata huyo.

Na nyumbani nilikuwa nimeanza. Nilisema kama kiumbe mdogo hivyo ameweza, basi mimi nitajaribu vile vile. Asubuhi, baada ya kukamua, kabla ya uji, dakika kumi. Kiti kile kile, kando ya moto. Kitabu cha nyimbo za kanisa, kwa sababu maneno yake alikuwa anayajua kwa sikio. Mstari mmoja, kidole chini ya neno. Akichoka tunafunga. Halafu yai, na maziwa.

Dada yake mkubwa akamwambia siri yangu. Asubuhi moja msichana akaniangalia sana.

"Mama, mimi ni panya wako?"

"Nani amekuambia hivyo?"

"Nimeambiwa unanifundisha kama panya wa mwalimu."

Nikafikiria nimwambie hapana. "Ni kweli nimejifunza kwao," nikamwambia. "Lakini panya hajawahi kuniuliza swali. Wewe umeniuliza."

Akafikiria hiyo. "Wao wanapewa karanga," akasema. "Mimi yai. Yai ni kubwa."

"Ni kubwa sana."

Akaridhika.

Sikuwa malaika. Mwezi wa tisa alishikwa na malaria, na alipopona alikuwa amesahau karibu yote, hata herufi za jina lake. Asubuhi ya tatu nilipiga kiti na mkono. Sauti ilikuwa kubwa. Aliruka, mikono ikaanza kutetemeka, na kitabu kikaanguka karibu na moto. Nilitoka nje nikasimama na ng'ombe. Nilikuwa nimewavumilia panya wa watu miezi miwili, nikashindwa kumvumilia mtoto wangu asubuhi moja. Niliporudi alikuwa ameokota kitabu na kukipangusa jivu. Nikamwomba msamaha. Alisema, "Tuanze ule mstari wa kwanza," na tukaanza ule wa kwanza.

Mwezi wa kumi na moja nikampeleka. Nilikuwa nimemvalisha sweta ya dada yake, na mimi nimevaa kitambaa cha kichwa cha Jumapili. Mwalimu mkuu alikuwa na vitabu mpaka chini ya meza. Alichukua kimoja ambacho hatujawahi kukiona, akafungua katikati, akakiweka mbele ya mtoto.

"Soma."

Mtoto aliangalia ukurasa. Kulikuwa na picha ya msichana amebeba kikapu. Nje watoto walikuwa wanafagia uwanja, nilisikia kila fagio. Mwalimu mkuu akaangalia saa. Ndani yangu maneno yalikuwa yamejaa mpaka kooni, hilo ni *siku*, sema *siku*, na nikafunga mdomo wangu na meno. Niliomba, lakini sikufunga macho.

Mwalimu mkuu akanyoosha mkono achukue kitabu. "Mama, nadhani..."

Msichana wangu akaweka kidole juu ya ukurasa. "Si-ku," akasema. "Siku mo-ja."

Mkono wa mwalimu mkuu ukarudi.

Alisoma mistari minne. Kwa muda huo mtu mwingine angekunywa chai na kumaliza kikombe. Neno moja, *sokoni*, alilirudia mara tatu na kila mara likatoka tofauti, mpaka likatoka sawa, akalitabasamia kama mtu amekutana na mwenzake. Mwisho wa mstari wa nne akaondoa kidole akasema, "Nimechoka."

Mwalimu mkuu alitoa miwani. "Amechukua muda mrefu sana," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Darasa la tatu hawamngojei mtu, mama."

"Wao wasimngoje. Mimi nitamngoja."

Alimwangalia mtoto, halafu akaniangalia mimi na hicho kitambaa changu cha Jumapili. Akavuta daftari kubwa, akaandika. "Ataingia la tatu. Atakaa dawati la mbele, na hakuna mwalimu atampigia kelele, hilo nitasimamia mimi. Na wewe utakuja hapa kila Ijumaa. Ukikosa Ijumaa mbili, maneno yetu yamekwisha."

"Sitakosa hata moja."

"Naona," akasema.

Tulitoka. Nilikuwa nataka kukaa chini kwenye nyasi nilie kidogo, lakini kulikuwa na watoto wengi. Tulifika karibu na geti, msichana akasimama.

"Mama, yule msichana aliuza mayai?"

"Msichana gani?"

"Wa kitabu. Alikuwa anapeleka mayai sokoni. Aliuza?"

Sikuwa najua. Nilikuwa nimeangalia kidole chake wakati wote, hadithi yenyewe sikuisikia. Nikamwambia ilikuwa imebaki mistari mingi, na jibu liko huko chini.

"Basi turudi," akasema.

Tulirudi. Nilibisha kwa dirisha la ofisi, nimeona aibu, nikaeleza shida yetu. Mwalimu mkuu alikipitisha kitabu dirishani, kwa mkono wake, akampa mtoto na si mimi. Tukachukua njia ya mashamba ya chai tukisoma, tunatembea hatua tatu tunasimama, kidole kikipotea tunakitafuta. Saa saba ilitukuta bado njiani, ng'ombe walikuwa wanalia kule chini, na mayai yalikuwa bado hayajafika sokoni.